Mti Usio na Shimo

Mimi fundi wa chukudu, si mtu wa madhabahu.
Lakini kila Kwaresima padri hutuma mtoto hapa Majengo
kuniagiza miti miwili ya mkaratusi,
mmoja mrefu, mmoja mfupi, isiyopigwa randa.
Hulipa nusu. Nusu nyingine, husema, iko mbinguni.

Mwaka huu katekista Sikuli alitaka ramani.
Alipiga magoti uwanjani, kopo la majivu mkononi,
akayachuja kwa vidole juu ya lava nyeusi
mpaka Yerusalemu ikatokea, nyeupe, kama mfupa:
hapa hekalu, mlango wake umeelekea mashariki,
hapa bonde la Kidroni,
ng'ambo yake Mlima wa Mizeituni,
na huko, alisema, wazee walisimulia,
ng'ombe mwekundu aliteketezwa mzima,
ngozi, nyama, damu, hata mavi yake,
na majivu yakatiwa maji
ya kumtakasa mtu aliyegusa maiti.

"Aliyegusa maiti," Masika akarudia nyuma yangu,
polepole,
kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye orodha.

Na Golgotha?
Sikuli akazunguka na kopo lake.
Wapo wanaosema kaskazini, wapo magharibi,
wapo wanaoipeleka mlimani kule kwenye mizeituni
ili anayekufa aone pazia likipasuka.
Hakumwaga majivu popote.
Alisema tu: nje ya lango.
Damu ya sadaka huingia ndani na kuhani,
mzoga hutolewa, huchomwa nje ya kambi.
Naye alitolewa hivyo, kama mzoga.
Basi tutoke, tumfuate huko nje ya kambi.

Kahambu akanyoosha mkono. Ana miaka tisa,
alifika Goma na mama yake na godoro moja.
"Mwalimu, sisi tunakaa ndani ya kambi.
Nje ya kambi ni wapi?
Ni kule tulikokimbia?"

Sikuli alitazama vidole vyake.
Upepo wa ziwa ulikuwa umeshafuta Kidroni.

Ijumaa Kuu tukaubeba.
Tulipita Birere, tukapita machinjio;
wachinjaji walikuwa wanamwaga maji sakafuni,
damu ikatafuta ufa kwenye jiwe, ikaupata,
ikashuka.
Huku kila kinachoshuka kinakwenda ziwani,
na kila asubuhi tunateka humo.
Sikusema kitu. Bega lilikuwa linauma.

Tatizo langu ni shimo.
Kila mwaka ni shimo.
Mlima ulipotapika haukutuachia udongo;
hata maiti wetu husubiri sururu siku mbili,
ndugu wakipokezana, cheche zikiruka.
Nikainua mtarimbo.
Sikuli akanishika mkono: "Usiguse.
Madhabahu ya kale ilikuwa ya mawe mazima,
chuma kikilipiga jiwe, limeshatiwa unajisi."
Nilitaka kumwambia chuma kimeshagusa kila kitu hapa.
Nikauweka chini.

Basi tukausimamisha mti juu ya jiwe tupu,
wanaume wanne wakaushikilia,
watu wakaanza kuleta mawe na kuyaegemeza,
mabovu, yenye matundu, mepesi kuliko unavyodhani.
Masika alileta mawili, akakaa juu ya la pili
mpaka ibada ikaisha.
Kahambu alikuja mbio kutoka kambini
amekumbatia moja kifuani.
Lilikuwa na kipande cha kamba ya hema,
bado kimefungwa.

Msalaba ukasimama. Uliinama kidogo kuelekea kaskazini,
kuelekea moshi.

Usiku mvua ilipiga.
Jumatatu nikarudi kuchukua mti wangu;
una mteja, utakuwa chukudu, utabeba makala.
Niliondoa mawe moja moja hadi nikaona ile kamba.
Nikaenda nalo, nikiuliza hema kwa hema.
Mama yake alikuwa amekalia ukingo wa turubai,
tangu Ijumaa, alisema, kwa zamu,
yeye, kisha mtoto.
Akalipokea jiwe kwa mikono miwili,
akaliweka mahali pake,
akainuka kujinyoosha.